Nishani Iliyochelewa Miaka 78

Je, msomaji, kwenu kuna sanduku la babu ambalo watoto hukatazwa kulifungua? Ikiwa kwenu ni Kitui au Makueni, huenda ukakuta humo kipande cha chuma chenye sura ya Mfalme George wa Sita na utepe uliochujuka rangi.

Ukambani ulitoa askari wengi mno kwa jeshi la KAR, "Keya" ya wazee wetu. Ajabu ni kwamba mwaka 1938 serikali hiyo hiyo ya mkoloni ilikuwa ikiwalazimisha Wakamba kuuza ng'ombe wao kwa bei ya kutupa, hata Muindi Mbingu akaongoza maelfu hadi Nairobi kulalamika. Alihamishiwa Lamu. Mwaka uliofuata vita vikaanza, na vijana wa maboma yale yale wakapelekwa Uhabeshi, Madagaska na Burma. Walipoachiliwa, askari mzungu alipewa bakshishi hadi mara tatu ya Mwafrika wa cheo chake.

Heshima nayo ilijikokota. Sajini Nigel Leakey wa KAR, mzungu mzaliwa wa Kenya, aliuawa Uhabeshi Mei 1941. Msalaba wa Victoria ulitangazwa Novemba 1945. Miaka minne! Basi wafikirie wazee wanne waliokabidhiwa nishani na Mfalme Charles katika makaburi ya Kariokor, Nairobi, Novemba 1, 2023. Zilikuwa za kujaza pengo: wakati wa Mau Mau wapo walioharibu zao kwa kuhofia kisasi, maana sura ya mfalme ingewaponza.

Hata Marekani, Rais Clinton alipowatunukia wanajeshi weusi saba mwaka 1997, aliyekuwa hai ni mmoja tu, Vernon Baker.

Wa Vita vya Kwanza ndio waliosahaulika zaidi. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kuwa wafu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao.

Kwa hivyo ukienda nyumbani, keti na nyanya ungali naye. Muulize babu alijiandikisha kwa jina gani. Tafuta cheti cha kuachishwa jeshi, unakili nambari na batalioni. Na kama kuna ndugu ambaye kijijini husemwa tu kwamba hakurudi, ulizia pia ukumbusho wa Rangoon, huko Burma. Una majina karibu 27,000, ya askari wa Afrika Mashariki yakiwemo.