Upepo wa kusi umeingia: mashine ya boti uihifadhi mwenyewe au umpe fundi?

Ndugu zangu wenye boti, bahari imechafuka na wengi tunapandisha vyombo hadi Septemba hivi. Mimi kazi kubwa ya kuhifadhi mashine nafanya mwenyewe, fundi namlipa kwa mambo machache tu.

Ukiangalia video za wazungu utaona wanahangaika na dawa ya kuzuia maji yasigande ndani ya injini. Hilo achana nalo. Huku kwetu adui ni chumvi na petroli iliyolala.

Tumbukiza mashine kwenye pipa la maji yasiyo na chumvi, yafunike matundu ya kunyonyea, kisha iunguruma taratibu kama dakika 10. Usiiwashe nje ya maji hata kwa kujaribu, pampu yake ina raba, itaungua sasa hivi. Ikiwa bado inaunguruma, chomoa mpira wa mafuta uiache izime yenyewe, kabureta ikauke. Hapa ndipo pesa inapopotea jamani! Petroli yenye oili ikikaa miezi, petroli inaruka, kinachobaki ni kama gundi, kinaziba vitundu. Kaskazi ikifika wenzako wanashusha samaki, wewe unavuta kamba tu, na marejesho ya kikoba hayasubiri.

Baada ya hapo fungua plagi, tia oili ya 2T kijiko kidogo kila silinda, vuta kamba polepole mara tatu nne, rudisha plagi. Mashine ihifadhi ikiwa wima.

Sasa oili ya gia. Legeza skrubu ya chini, itoke kidogo. Ikiwa safi, funga. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, sili zimekwisha. Hiyo ni ya fundi, usibishane nayo. Vilevile raba ya pampu kama hujawahi kuibadilisha, na mashine za 4-stroke zenye injekta, hizo sizigusi kabisa.

Ukimpa fundi, kubaliana naye bei ya kazi moja moja, si ya "sevisi" nzima. Vifaa nunua wewe, simama hapo akifunga, na vya zamani akukabidhi mkononi. Na mpelekee sasa hivi akiwa na nafasi, maana Oktoba foleni yake utaichoka.