Silsila na Ijaza: Mnyororo wa Elimu Ulioipita Nasaba Bagamoyo

Historia ya Bagamoyo husimuliwa zaidi kwa habari za misafara, pembe za ndovu na watumwa, na msimulizi akishafika kwenye soko la watu huona kazi imekwisha. Swali zito linabaki: waliokuja mjini wakiwa watumwa waliishia wapi? Sehemu ya jibu imo katika istilahi tatu za elimu ya Kiislamu ambazo kila Mwislamu wa pwani amewahi kuzisikia, ingawa si wengi wanaozipima kwa jicho la historia: tarika, ijaza na silsila. Tarika ni njia ya malezi ya kiroho chini ya sheikh, yenye nyiradi (dua za kila siku) na zikri (kumtaja Mungu kwa pamoja) zake. Ijaza ni idhini anayopewa mwanafunzi na mwalimu wake, kwamba sasa anaweza kufundisha alichofundishwa au kuwaongoza wengine. Silsila ni orodha ya walioidhinishana, mmoja baada ya mwingine, kutoka sheikh wa leo hadi mwanzilishi wa njia na kupanda hadi kwa Mtume. Hoja yangu ni kwamba katika mji ambao nasaba ndiyo ilikuwa ikiamua nani aketi wapi, silsila ilileta ukoo wa aina nyingine, ambao mtu aliuingia kwa kusoma na kulelewa.

Tuitazame Qadiriyya, tarika inayonasibishwa na Sheikh Abdulqadir al-Jilani, aliyefariki Baghdad mwaka 1166. Katika pwani yetu ilipata nguvu kubwa miaka ya 1880, pale Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, aliyekuwa amepewa ijaza Baghdad, alipofika Unguja enzi za Sultani Barghash. Kutoka Unguja ilivuka hadi Mrima, yaani pwani ya bara inayoikabili, na Bagamoyo ikawa kituo chake kikubwa chini ya Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya. Huyu hakuwa Mwarabu wala Mshomvi, yaani mtu wa koo za wenyeji wa mji. Asili yake ilikuwa Manyema, mashariki ya Kongo. Aliletwa pwani angali mtoto akiwa mtumwa, akawa katika miliki ya ukoo wa Al-Lamki. Alijifunza dini, akafanya biashara, akapata mashamba ya minazi, akapewa ijaza na kuwa khalifa, yaani kiongozi, wa Qadiriyya. Alipofariki mwaka 1931 alikuwa miongoni mwa wanazuoni wakubwa wa mwambao huu. Tukumbuke kwamba utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Maana yake, mtu aliyewahi kumilikiwa aliongoza watu katika dini wakati sheria ya nchi ilikuwa bado inautambua utumwa.

Ukitazama zikri inavyofanywa utaona kwa nini hilo liliwezekana. Watu husimama duara au safu, bega kwa bega, wakiinama na kuinuka kwa pamoja, na jina la Mwenyezi Mungu linatoka kifuani kwa pumzi moja. Anayeongoza ndiye anayeamua lini mwendo uharakishwe na lini utulizwe, na haki hiyo anaipata kwa idhini ya sheikh wake. Ukitaka kujua uhalali wake, utauliza nani alimwidhinisha, na nani alimwidhinisha huyo aliyemwidhinisha. Kabila la babu yake halimo katika hesabu hiyo. Fikra hii si ya Waislamu peke yao. Mapadri wa Roho Mtakatifu waliofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868 nao walikuwa wa kanisa ambalo askofu wake hupata mamlaka kwa kuwekewa mikono na askofu aliyemtangulia, mfululizo unaohesabiwa hadi kwa mitume.

Yapo mapingamizi yanayostahili jibu. La kwanza ni kwamba kilichomwinua Sheikh Ramiya ni mali. Mali ilimsaidia, hakuna ubishi; sheikh mwenye mashamba anaweza kulisha wageni wa maulidi. Lakini mali humpatia mtu wadeni na wateja. Haimpatii muridi, yaani mfuasi wa tarika, wa kupokea uradi kutoka kwake. La pili ni kwamba ukhalifa wenyewe uligeuka urithi, kwani baada yake aliushika mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya. Ni kweli, na ni ukumbusho kwamba nasaba haikushindwa moja kwa moja. Hata hivyo, nyumba ambayo heshima yake ilirithiwa hapo ni nyumba ya aliyekuwa mtumwa, na bila ijaza nyumba hiyo isingekuwa na cha kurithisha. La tatu linatoka kwa wanaoiona zikri ya namna hii kuwa bidaa, yaani uzushi katika dini. Hukumu ya fiqhi wanayo wanazuoni. Ila msingi wa silsila, yaani elimu kuthibitishwa kwa kumjua aliyeipokea na aliyeitoa, ndio uleule wa isnadi ambayo kwayo hadithi za Mtume hupimwa, na wanaopinga tarika nao huitegemea.

Jambo hili lina uzito leo. Kutoka Bunju kupitia Mapinga hadi Kerege, viwanja vinanunuliwa na watu wa kila mkoa, na swali la nani mwenyeji na nani wa kuja linarudi upya. Pwani hii iliwahi kulijibu kwa njia yake: ilimpokea mtoto wa Manyema aliyeletwa kwa nguvu, ikamkubali kuwa mwalimu wake. Ndiyo maana habari za Sheikh Ramiya zinastahili kufundishwa shuleni na kuelezwa kwa wageni pamoja na habari za misafara. Tukiishia kwenye minyororo ya utumwa, tunawafundisha watoto kwamba walioletwa Bagamoyo waliteswa tu. Waliteswa, na pia walisoma, wakafundisha, wakaujenga mji.