Unyevu Uliojificha Chini ya Tangi la Samaki

Kwa wiki tatu nilikuwa namlaumu panya. Kila jioni nilipoketi sebuleni kushona, harufu ya uvundo ilinijia kutoka kwenye pembe lilipo tangi la samaki. Nilitega mtego, nikasogeza makochi, nikafua mapazia. Harufu haikuondoka. Kisha siku moja mjukuu wangu wa miaka miwili, ambaye hupenda kushika mlango wa kabati lililo chini ya tangi ili asimame awatazame samaki, aliuvuta mlango ule ukambakia mkononi. Skrubu za bawaba zilichomoka kama zimechomekwa kwenye andazi lililolowa chai.

Niliinama nikachungulia ndani. Sakafu ya kabati ilikuwa imevimba, imefanya mgongo, na ukuta wa nyuma ulikuwa na ukungu mweusi.

Hebu tupige hesabu pamoja, mpenzi msomaji. Tangi letu lina urefu wa sentimeta 90, upana 40 na kimo 45. Hizo ni lita 162, na lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Ongeza vioo, mchanga na mawe (kijana wetu wa mwisho anafuga mbuna, samaki wa kwenye miamba ya Ziwa Nyasa, na hao hawakai bila mawe), utafika karibu kilo 200. Ni kama magunia mawili ya mahindi, na chini yake mtoto anasimama! Siku hiyo hiyo tulipunguza maji na kumzuia mtoto asiingie sebuleni.

Kabati lile mume wangu alilitengeneza mwenyewe. Fremu na miguu ni ya mninga, lakini sakafu na kuta za ndani aliweka chipubodi. Nje alipaka vanishi mara tatu, likang'aa hata wageni wakaliuliza bei. Ndani hatukupaka kitu. Nani angeona?

Maji yalitoka wapi, na tangi halivuji? Yalitoka kwenye kiungo cha mpira wa chujio, tone moja moja. Yalitoka kwenye ndoo na mikono iliyolowa kila siku ya kubadilisha maji. Nasi tunaoishi pwani tunajua kwamba kitu kikilowa ndani ya kabati lililofungwa hakikauki upesi. Hata ule mkeka wa plastiki niliotandika kwa nia njema ulizidisha ubaya, maana maji yalipita pembeni yakalala chini yake. Kumbe nilikuwa nayafunika!

Fundi aliyekuja alisema, "Mama, tupeni hili, mnunue jipya." Mume wangu hakujibu. Alichukua msumari akaanza kuchoma miguu ya kabati, mmoja baada ya mwingine. Mti uliooza humeza msumari kwa urahisi, mninga uligoma. Fundi akacheka, akasema basi fremu ibaki. Chipubodi yote ilitoka, kwa sababu chipubodi ikishavimba hairudi kuwa na nguvu, hata uipake rangi ya namna gani. Usidanganywe hapo.

Samaki walihamia kwenye pipa safi la plastiki chumbani kwa kijana, pamoja na maji yao yale yale na pampu ya hewa. Sifongo ya chujio iliendelea kufanya kazi humo pipani, kwa kuwa ndani yake wanaishi bakteria wanaosafisha maji, nao hufa ikikauka. Kuwaweka mbali ni lazima, kwani pampu huvuta hewa ya chumba na kuipuliza majini, na mvuke wa rangi utawafikia. Mama mjamzito naye asikae karibu na kazi hii. Madirisha yawe wazi.

Fremu tuliiacha ikauke kivulini wiki nzima. Mimi nilikuwa na haraka, lakini fundi alikataa kabisa, na alikuwa na haki: ukipaka rangi juu ya mti wenye maji unayafungia ndani, mti unaendelea kuoza na rangi inabanduka. Baada ya hapo tulipiga msasa, tukafuta vumbi. Sakafu na kuta mpya zilikatwa kwa plaiwudi ya marini, ile iliyogandishwa kwa gundi isiyoachia majini.

Mkono wa kwanza wa rangi ya mafuta ulichanganywa na tapentaini kidogo ili uwe mwepesi na kuzama ndani ya mti. Ulipokauka tulipitisha msasa laini, tukapaka wa pili, kisha wa tatu. Mbao zilipakwa pande zote mbili, kwa sababu ubao uliopakwa upande mmoja tu hupinda. Mahali penye kiu kubwa ni kwenye ncha, pale msumeno ulipokata; hapo tulirudia mpaka pakaacha kunywa. Usisahau matundu ya skrubu na ya nyaya. Wengine hupendelea vanishi ngumu ya sakafu, nayo inafaa. Mimi nilitaka nyeupe, kwani kwenye weupe tone au ukungu huonekana mapema.

Silikoni hutiwa mwisho, rangi ikisha kukauka kabisa, maana rangi haishiki juu ya silikoni. Fundi aliibana kwenye pembe zote za ndani, akailainisha kwa kidole kilicholowa maji ya sabuni. Ilinuka siki. Tuliiacha zaidi ya siku moja bila kuigusa.

Nyuma ya kabati tulitoboa matundu mawili makubwa ili hewa ipite. Chini ya chujio nimeweka sinia la plastiki lenye kingo ndefu. Soketi ya umeme, ambayo zamani ililala sakafuni, sasa imefungwa juu ukutani, na waya unashuka chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone likiteremka na waya lidondoke pale chini, lisiingie kwenye umeme. Hilo ndilo lililonitisha kuliko kuoza.

Kabla ya kurudisha tangi, mume wangu alihakikisha kwa pima maji kwamba kabati limekaa sawa. Kisha alimimina kikombe kimoja cha maji kwenye ile sakafu nyeupe, akatandaza gazeti chini ya kabati, tukaenda kulala. Asubuhi maji yalikuwa yametulia pale pale na gazeti lilikuwa kavu. Nikayakausha kwa kitambaa, na kijana akaanza kuosha mawe yake.