Kizimba cha kinyonga na mzigo wa mpakani

Kinyonga wa pembe tatu asili yake ni miinuko ya Kenya na Mlima Meru, Tanzania. Leo yumo pia Hawaii, na hakufika huko kwa kuogelea. Mwaka 1972 mwenye duka la wanyama kisiwani Oahu alipokea shehena kutoka Kenya. Kinyonga walifika wamekonda, maji yamewaishia mwilini, akawaachia bustanini nyuma ya nyumba wapate nafuu. Hapakuwa na wavu. Wakatawanyika, wakazaliana.

Kizimba cha nje kingemwepusha na hasara hiyo. Hujengwa kirefu kwenda juu, maana mnyama huyu ni wa kupanda. Wavu huzunguka pande zote hadi juu, kunguru na paka wasipate mwanya. Matundu yawe madogo: jike wa pembe tatu hatagi, huzaa watoto hai, na wadogo hao hupenya kirahisi. Miguu ya kizimba ikisimama ndani ya makopo ya maji, siafu hawapandi. Sehemu moja ibaki kivulini yenye majani mengi, kwani jua la mchana humuua asiye na pa kujificha.

Ndani ya nyumba, sanduku la kioo lisilopitisha hewa halifai. Taa ya joto hufungwa nje ya wavu. Ikiwa ndani, kinyonga huisogelea mpaka aungue. Bakuli la maji ni kazi bure, kwa sababu wengi hunywa matone yanayoning'inia kwenye majani. Chupa yenye kitundu kidogo, ikidondoka juu ya kizimba, yatosha. Na kila mmoja awe na chake: hata kuonana tu kutwa huwachosha.

Lakini kizimba kizuri hakihalalishi mzigo. Karibu kinyonga wote wamo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na kuvuka mpaka nao hudai kibali. Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016. Kwa hiyo lile ombi la kawaida la "nibebee kaboksi haka" linastahili kufunguliwa kwanza.

Mwanzoni mwa 2021 forodha ya Austria ilitangaza kunasa kinyonga 74 wa Usambara katika uwanja wa ndege wa Vienna. Walifichwa ndani ya soksi na makopo ya aiskrimu. Watatu walikufa, waliobaki walipelekwa kutunzwa katika bustani ya wanyama ya Schönbrunn.