Treni ya umeme: Morogoro yasogea Dar, wa njiani je?

KWA miaka mingi mkazi wa Morogoro mwenye kazi Dar es Salaam alikuwa na njia mbili: ahamie huko, au apange chumba na kurejea kwake mwisho wa wiki. Tangu Juni 14, 2024, Shirika la Reli Tanzania (TRC) lilipoanza kusafirisha abiria kwa treni ya umeme, imeongezeka ya tatu. Anaweza kuondoka alfajiri chini ya Milima ya Uluguru, akashughulika Kariakoo mchana kutwa, na usiku akalala kwake. Safari huchukua takriban saa mbili. Basi, hata foleni ya Kibaha ikiwa na huruma, hutumia karibu mara mbili ya muda huo.

Hata hivyo, reli ya haraka si lazima iwe reli ya kila siku.

Njia kuu kati ya miji hiyo ina urefu wa kilomita 205, lakini vituo ni sita tu: Dar es Salaam, Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere na Morogoro. Kwa wastani, kutoka kimoja hadi kingine ni kilomita 41.

Reli ya zamani haikuwa hivyo. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, wakaifikisha Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Kipande hiki kilikuwa na vituo vingi vidogo, vikiwamo Magindu, Kidugallo na Mikese. Injini za mvuke zilihitaji maji mara kwa mara, na kwa kuwa njia ilikuwa moja, treni iendayo na irudiyo zilihitaji mahali pa kupishana. Hivyo ni ufundi, zaidi ya wingi wa watu, uliozaa vituo. Watu na biashara vikafuata.

Treni ya kilomita 160 kwa saa haina shida ya maji. Adui yake ni kusimama. Kila kituo huipotezea muda mara tatu: ikipunguza mwendo, ikingoja abiria, na ikianza kuushika mwendo upya. Vituo 10 vya ziada, kwa dakika nne tu kila kimoja, vingeongeza dakika 40, na raha ya kusafiri kwa treni badala ya basi ingepungua.

Japani hulitatua jambo hili kwa kuchanganya treni. Ya kituo kwa kituo huingia pembeni, ya haraka ikapita, kisha ile ndogo ikaendelea kuokota abiria wake. Reli yetu nayo imejengewa kilomita 95 za njia za pembeni na za kupishania katika kipande hiki. Kwa maoni ya mwandishi, haingekuwa ndoto kuongeza majukwaa machache na treni fupi ya asubuhi na jioni.

Lipo pia suala la mfuko. Nauli ya daraja la kawaida kati ya Dar es Salaam na Morogoro ilipangwa kuwa Sh13,000 mwaka 2024. Kwenda na kurudi kwa siku 22 za kazi ni Sh572,000 kwa mwezi, ilhali kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilipandishwa mwaka 2025 hadi Sh500,000. Hapo bado hajalipa bodaboda ya kumfikisha Kihonda, nje ya katikati ya mji, kilipo kituo kipya cha Morogoro. Ndiyo maana huko Japani tiketi ya mwezi yenye punguzo ni jambo la kawaida, na waajiri wengi huigharamia.

Mkazi wa Mikese hajafika hata kwenye hesabu hiyo. Ili apande treni ya umeme inabidi kwanza atafute usafiri wa kumrudisha Morogoro, au wa kumsogeza hadi Ngerengere.