Usiitupe Kompyuta Kuukuu: Namna ya Kutafuta Ubao Mama wa Kubadili Uliokufa

Katika nyumba nyingi za askari wetu, iwe kambini, katika kota za polisi au katika chumba cha kupanga mjini, kompyuta ya mezani ni chombo cha kazi wala si pambo. Ndani yake zimo barua za kudai malipo ya uzeeni, hesabu za chama cha akiba, masomo ya watoto, na pengine kazi ya kupiga chapa ambayo mama wa nyumba huwafanyia majirani akapata fedha ya mboga. Chombo hicho kinapozimika ghafla, na fundi akatamka kwamba ubao mama umekufa, nyumba nzima huingiwa na huzuni. Aghalabu shauri la kwanza litolewalo ni kuitupa kompyuta na kukopa fedha za kununua nyingine.

Ndugu msomaji, shauri hilo lisifuatwe kabla ya kupimwa. Wako watu wengi waliofufua kompyuta zao kwa kupata ubao mwingine uliokwishatumika, na wako wengine waliopoteza fedha kwa kununua ubao usiolingana na mashine yao. Tofauti baina ya makundi hayo mawili si bahati, bali ni kujua kinachotafutwa.

UBAO MAMA NI KITU GANI

Ubao mama, ambao mafundi wa mitaani huuita madabodi, ni lile bamba pana, aghalabu la rangi ya kijani au nyeusi, lililolazwa ndani ya kasha la kompyuta. Juu yake hukaa prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa mashine, pamoja na vibao vyembamba vya kumbukumbu viitwavyo ramu. Diski kuu, feni na kisanduku cha umeme huungwa nao kwa nyaya. Kwa hiyo ubao huu hauhifadhi barua wala picha zako. Hizo zimo katika diski kuu, na diski yaweza kuwa nzima kabisa hata kama ubao umeungua.

Hili ni jambo la kushika tangu mwanzo. Kabla ya kutafuta ubao, mwambie fundi aitoe diski, aiunganishe na kompyuta nyingine, na kunakili kila kilichomo. Kama diski ilifungwa kwa ulinzi wa BitLocker, utahitaji ule ufunguo wa akiba wenye tarakimu 48. Ufunguo huo uandikwe na kuhifadhiwa mbali na kompyuta, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

HAKIKISHA KWANZA KWAMBA UMEKUFA KWELI

Ubao husingiziwa makosa mengi yasiyo yake. Familia ya askari huhama kila inapokuja amri ya uhamisho, na kompyuta husafiri juu ya lori katika njia mbovu. Mtikisiko huo waweza kuchomoa ramu kidogo tu kutoka mahali pake, na mashine ikakataa kuonyesha chochote. Zima umeme, chomoa waya ukutani, toa ramu, zifute miguu yake kwa kitambaa kikavu, kisha uzirudishe mpaka zilie "ta" pande zote mbili. Zikiwa mbili, jaribu moja moja.

Baada ya hapo, kisanduku cha umeme kibadilishwe kwa muda na kingine kizima kinacholingana nacho. Umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu huanza kukiua hicho kabla ya ubao. Itazamwe pia betri ya mviringo iliyo juu ya ubao, ambayo kwa kawaida ni ya namba CR2032 na ina volti 3. Ikichoka, saa ya kompyuta hurudi nyuma kila uzimapo, na mashine nyingine hugoma kuwaka vizuri. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na ubao.

Mwisho vitazamwe vile vikopo vidogo vya mviringo viitwavyo kapasita. Kapasita nzima huwa bapa juu. Iliyokufa huvimba kama mkate ulioumuka au kutoa utomvu wa kahawia. Bao nyingi zilizoundwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi yapata mwaka 2007 zilipatwa na ugonjwa huu, kwa kuwa kapasita zilizotumika zilikuwa dhaifu. Fundi hodari wa redio aweza kuzibadili kwa kulehemu, mradi aweke zenye kipimo kilekile cha maikrofaradi, volti zisizopungua za mwanzo, na zinazofaa kwa kazi ya ubao wa kompyuta. Pengine hapo ndipo safari yako ya kutafuta ubao itakapokomea.

MAMBO MANNE YA KULINGANISHA

Ikithibitika kwamba ubao umekufa, yatupasa kujua mambo manne kabla ya kutoa hata shilingi moja.

La kwanza ni umbo. Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitoa kipimo kiitwacho ATX, ambacho upana na urefu wake ni milimita 305 kwa 244. Baadaye likaja umbo dogo la Micro-ATX lenye milimita 244 kwa 244. Kasha kubwa hupokea ubao mdogo, lakini kasha dogo halipokei ubao mkubwa.

La pili ni soketi, yaani kitako anachokalia prosesa. Kila kizazi cha prosesa kina kitako chake: LGA 775 ilianza mwaka 2004, LGA 1155 mwaka 2011, LGA 1150 mwaka 2013, na LGA 1151 mwaka 2015. Namba hiyo ni idadi ya miguso ya umeme. Lakini angalia, maana hapa ndipo wengi hunaswa: ubao wa LGA 1151 uliotengenezwa kwa prosesa za Intel za kizazi cha sita na cha saba haukukusudiwa prosesa za kizazi cha nane na cha tisa, ingawa idadi ya miguso ni ileile. Kwa hiyo usitosheke na namba ya soketi. Uliza ubao unakubali prosesa gani kwa jina na namba yake kamili.

La tatu ni ramu. Kibao cha DDR2 na cha DDR3 vyote vina miguso 240 na kwa macho vyafanana kama pacha, ila pengo lililo chini halikai mahali pamoja, na volti zake si sawa. Cha DDR4 kina miguso 288. Ukinunua ubao wa aina nyingine, ramu zako za zamani hazitaingia, nawe utalazimika kununua mpya.

La nne ni kisanduku cha umeme na plagi zake. Plagi kubwa ya kawaida ina matundu 24, na kando yake huwapo nyingine ndogo ya matundu 4 au 8 kwa ajili ya prosesa. Hesabu matundu ya ubao unaouzwa na ulinganishe na plagi zako.

KOMPYUTA ZA KIWANDA ZINA MILANGO YAKE

Kompyuta nyingi zilizomo majumbani mwetu hazikuundwa na fundi wa mtaani, bali zilitumika kwanza katika maofisi ya ng'ambo, kisha zikaletwa kwetu. Tuchukue mfano wa Dell OptiPlex 790, iliyotoka mwaka 2011. Ilitolewa katika makasha ya ukubwa mbalimbali, na ubao wa kasha moja hauingii katika kasha jingine hata kama jina la kompyuta ni lilelile. Nyaya za kitufe cha kuwashia na za feni hazifuati mtindo wa bao za kawaida. Ndiyo maana mtu akiweka ubao wa kampuni nyingine ndani ya kasha hilo huona kitufe hakina pa kuungwa. Tena, ingawa soketi yake ni LGA 1155, ubao huo ulikusudiwa prosesa za kizazi cha pili. Prosesa za kizazi cha tatu, ambazo nazo zina miguso 1155, si zake.

Hali kadhalika OptiPlex 9020, iliyotoka mwaka 2013, hutumia plagi kubwa ya matundu 8 badala ya 24. Mwenye kompyuta kama hizi asihangaike na ubao wa jumla. Atafute ubao wa mashine ileile, wa kasha lilelile, kwa kufuata namba ya sehemu iliyobandikwa au kuchapwa juu ya ubao wenyewe. Namba hiyo nakili katika karatasi, herufi kwa herufi, na upige picha ya ubao mzima kabla ya kwenda dukani.

MAHALI PA KUTAFUTA

Bao mpya za kompyuta za miaka 10 au 15 iliyopita ni adimu sana madukani, kwani viwanda vimekwisha kuziacha. Kwa ajili hiyo soko letu ni lile la vitu vilivyotumika. Nenda kwa mafundi wanaotengeneza kompyuta za maofisi na mashule, kwa maana hao huweka mashine mbovu stoo ili kuchukua vipuri vyake. Mara nyingi njia iliyo nafuu ni kununua kompyuta nzima ya namna ileile iliyokufa diski au kisanduku cha umeme. Hapo utapata ubao, na juu yake feni na kasha la akiba.

Ukifika kwa muuzaji, usione haya kumhoji. Kuuliza si ujinga. Mwambie: "Fundi, tafadhali uwashe ubao huu nikiona kwa macho yangu, ukiwa na prosesa na ramu." Tazama kama namba ya prosesa na kiasi cha ramu vinaonekana sawasawa, kisha jaribu kila tundu la USB na la mtandao. Ubao wa soketi za LGA una sindano ndogo ndogo mno ndani ya kitako. Zitazame kwa tochi ukiinamisha ubao huku na huku. Sindano moja iliyopinda yaweza kuufanya ubao wote usiwe na kazi. Mwisho, dai stakabadhi yenye namba ya ubao na muda wa kurudisha. Muuzaji asiyekubali kuandika, mwage kwa heri.

KAZI YA KUUFUNGA

Kazi hii yahitaji utulivu na bisibisi nzuri. Chomoa umeme, kisha ushike chuma cha kasha ili umeme tuli wa mwili usiudhuru ubao. Hakikisha kwamba vile vinguzo vya shaba vinavyoushikilia ubao vimekaa chini ya matundu yake tu. Kinguzo kilichosahauliwa mahali pasipo tundu chaweza kugusa nyaya za nyuma na kuleta shoti. Prosesa ifutwe grisi ya zamani na kupakwa mpya, kiasi cha punje ndogo, ndipo kipoza joto kirudishwe na kukazwa sawasawa.

Jambo moja zaidi: ruhusa ya Windows iliyokuja na kompyuta kutoka kiwandani hufungamana na ubao. Ubao ukibadilika, programu hiyo yaweza kujiona imo katika mashine ngeni na kudai ithibitishwe upya.

WAKATI WA KUSEMA BASI

Haifai kupenda mashine kuliko mfuko. Pima hivi: ikiwa bei ya ubao pamoja na ujira wa fundi yazidi nusu ya bei ya kompyuta nzima iliyotumika ya rika lile au jipya zaidi, heri ununue kompyuta hiyo na kuhamishia diski yako. Fikiria pia umri wa kazi uliobaki. Windows 10 iliacha kupewa matengenezo ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikukusudiwa prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha nane. Kompyuta ya zamani iliyofufuliwa yaweza bado kupiga chapa na kuweka hesabu bila intaneti. Ikitakiwa kuingia katika intaneti kwa usalama, yafaa iwekewe mfumo wa Linux, ambao hupatikana bure.

Wako watakaokucheka kwa kuhangaikia chombo kikuukuu, maana kipya kinyemi ingawa kidonda. Waache wacheke. Mkopo wa kompyuta mpya hukatwa katika mshahara mwezi baada ya mwezi, na ada ya shule haisubiri.

Ubao uliokufa nao usitupwe jalalani wala kuchomwa moto. Bao za zamani zina madini ya risasi katika viungo vyake, na moshi wake ni sumu, hasa kwa watoto wachezao karibu. Umpelekee fundi, kwani aweza kuchomoa humo vipuri vya kuokoa kompyuta ya jirani. Au uupeleke kwa wanaokusanya taka za umeme, kama wapo mjini kwenu. Kisha funika kompyuta yako kwa kitambaa kila inapozimwa, ipanguse vumbi, na uichomoe ukutani radi inaponguruma. Usipoziba ufa utajenga ukuta.