Alama za serikali kwenye bahari: zinapimwaje, na mvuvi wa Mafia anahesabiwa wapi?

Mara nyingi kwenye taarifa ya habari mnatusikia tukisoma kwamba nchi imepiga hatua katika Malengo ya Maendeleo Endelevu. Msikilizaji wa Kilindoni, Bweni au Jibondo ana haki ya kuuliza: hatua hizo amezipima nani, na kwa kipimo gani? Tutaeleza kwa kipimo kimoja kinachomgusa mvuvi mdogo.

Malengo yenyewe

Septemba 2015 nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa zilikubaliana malengo 17 ya kufikiwa ifikapo 2030. La 1 ni kuondoa umaskini, la 2 ni kumaliza njaa, na la 14 linahusu bahari. Ndani ya malengo hayo kuna shabaha 169. Tanzania iliwasilisha ripoti yake ya hiari Umoja wa Mataifa mwaka 2019, kisha tena mwaka 2023.

Maswali matatu

Shabaha moja ya lengo la 14 inataka wavuvi wadogo wawe na uhakika wa kuvua na kufikia masoko. Ili kuipima, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, hupeleka dodoso kwa serikali kila baada ya miaka miwili. Maswali yanayotoa alama ni haya:

1. Je, nchi ina sheria, kanuni, sera au mpango unaomlenga mvuvi mdogo? (asilimia 40)
2. Je, kuna kazi inayofanyika kutekeleza miongozo ya kimataifa ya uvuvi mdogo iliyopitishwa mwaka 2014? (asilimia 30)
3. Je, kuna utaratibu wa kuwashirikisha wavuvi wadogo na wachakataji katika maamuzi? (asilimia 30)

Jumla yake hugeuzwa kuwa daraja, kuanzia 1 hadi 5.

Sasa tazama mambo mawili. Kwanza, anayejaza dodoso ni serikali yenyewe. Pili, maswali yanauliza kama kitu kipo, hayaulizi kama kinafanya kazi. Sheria yetu ya Uvuvi ya mwaka 2003 inatambua vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, yaani BMU. Hivyo swali la tatu lina jibu kwenye karatasi. Lakini BMU inayokutana na kusikilizwa, na BMU iliyobaki jina na muhuri tu, kwenye dodoso zinaweza kuonekana sawa.

Lengo moja likivuta huku, jingine kule

Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake nchini. Ina kilomita za mraba 822. Shabaha nyingine ya lengo la 14 ilizitaka nchi zihifadhi angalau asilimia 10 ya maeneo ya pwani na bahari ifikapo 2020, kwa hiyo eneo hili linaingia kwenye hesabu ya taifa.

Ndani ya hifadhi hiyo kuna vijiji. Kuna sehemu ambazo uvuvi hauruhusiwi kabisa, na nyingine wakazi huvua kwa masharti. Mwamba ukipumzishwa samaki huzaliana, na faida hufika hata nje ya mpaka. Lakini faida hiyo huchukua muda, na sufuria ya jioni haingoji. Alama ikipanda kwenye bahari huku nyumba za wavuvi zikirudi nyuma kwenye umaskini na chakula, ripoti ya kweli lazima ionyeshe yote mawili. Ndiyo maana lengo la 17 linataka sera za nchi zipatane. Lakini nalo hupimwa zaidi kwa kuangalia kama mifumo ya kuzipatanisha ipo.

Wewe unaweza kupima nini?

Huhitaji dodoso la FAO. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Hapo, au kwenye BMU yako, uliza:

- BMU yetu ilikutana lini mara ya mwisho, na iliamua nini?
- Kina mama wanaoanika dagaa na wanaotafuta pweza bamvua likitoka walikuwepo? Nao ni sehemu ya uvuvi mdogo, si wavuvi wa chomboni peke yao.
- Eneo likifungwa, nani aliulizwa kabla?
- Fedha zilizokusanywa zimetumika wapi?

Omba majibu yaandikwe kwenye muhtasari. Serikali inapojibu kwamba wavuvi wanashirikishwa, ushahidi wa jibu hilo ni muhtasari wa kikao chenu. Kama kikao hakikufanyika, jibu hilo kwa kijiji chenu halina ushahidi, na mna haki ya kulisema hilo kwa diwani na kwa ofisi ya uvuvi ya wilaya.